Mdomo Mbele ya Mama Mkwe

Nilikuwa na uvimbe kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto, wenye rangi ya zambarau na ulaini wa ini la kuku. Ulianza nikiwa mtoto, doa dogo ambalo mama alidhani ni wino, akalisugua kwa sabuni mpaka nikalia. Wino haukutoka. Miaka ikapita, doa likawa punje, punje ikawa haragwe, na nilipotimiza miaka arobaini na tisa nilikuwa nimebeba mdomoni kitu ambacho watu wazima walikitazama wakidhani siwaoni, na watoto walikiulizia waziwazi. Wanafunzi wangu walikipa jina. Sitaliandika hapa, kwa sababu lilikuwa jina zuri sana na nilikasirika kwamba sikulifikiria mimi.

Hakikuuma, na kwa mtu anayeogopa sindano kama mimi, kitu kisichouma hakina haja ya kumsumbua daktari. Nilijiambia kwamba ni alama ya kuzaliwa, kwamba kina uzuri wake, kwamba kwenye kivuli hakionekani. Nilijidanganya kwa bidii ambayo kama ningeitia kazini, leo ningekuwa mkuu wa shule.

Shida ilikuwa tarumbeta. Kazi yangu ni kufundisha jiografia, lakini ukinishtua usingizini ukaniuliza mimi ni nani, nitakwambia ni mpiga tarumbeta wa kwanza wa fanfari ya parokia yetu, hapa Kenya, si ile nchi bali komini, yaani wilaya ya mji, yenye makelele kuliko zote za Lubumbashi. Fanfari ni bendi ya matarumbeta na ngoma, na ya kwetu ina watu kumi na moja, tisa kati yao wakijua wanachofanya. Baba alipiga tarumbeta hiyohiyo kwenye bendi ya wafanyakazi wa mgodi. Alipofariki alituachia tarumbeta na baiskeli. Kaka yangu, kwa kuwa ni mkubwa, alichagua kwanza, akachukua baiskeli.

Nikipuliza noti za chini, uvimbe ulitulia. Nikipanda juu, ulijaa damu, ukanenepa mara mbili, ukaisukuma tarumbeta kando kama mtu anayegombania kiti. Nilijifunza kupulizia upande wa kulia, shingo imepinda, na watu wakasema napiga kwa hisia. Hayo yaliendelea hadi Pentekoste moja, katikati ya wimbo wa kuingia, shati langu jeupe lilipoanza kupata matone mekundu. Kiongozi wa fanfari alidhani nimepigana na mpiga ngoma. Damu haikukata mpaka mahubiri yalipokwisha, na padri wetu hajui kufupisha.

Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye saa kubwa, aliubonyeza uvimbe kwa kidole, akauangalia ukijaa tena, akasema si kansa, ni mishipa ya damu iliyozaliwa vibaya ikakua ikajikunja pamoja. Angeweza kuukata. Angeondoa kipande cha mdomo, kama mtu anavyokata kipande cha papai, kisha avute pande mbili na kuzishona. Nilimuuliza kuhusu tarumbeta.

"Utakula, utaongea, utamubusu bibi yako," alisema. "Trompeti, mwalimu, usahau."

Nilimshukuru kana kwamba amenikaribisha chai. Labda aliiona sura yangu, kwa sababu aliniita nikiwa mlangoni, akasema kuna daktari mmoja wa meno mjini, mwanamke, anayekausha uvimbe wa aina hii kwa sindano bila kisu, na mdomo unabaki mzima na misuli yake. Aliandika jina kwenye karatasi. Nilitoka hadi kwenye korido, nikalisoma, nikatafuta benchi la kukaa. Lilikuwa jina la mama mkwe wangu.

Lazima nieleze. Mama aliyemzaa mke wangu alifariki kabla sijaanza hata kupita mbele ya nyumba yao. Aliyemlea ni mdogo wa marehemu huyo, mwanamke asiyejaliwa watoto, aliyetoka Sakania kuja kusoma hapa na hakurudi. Siku ya posa yeye ndiye aliyekaa kwenye mkeka kama mama, yeye ndiye aliyefungwa kitenge cha mama. Kwa hiyo alikuwa mkwe wangu kamili, bila punguzo. Na kwao, kama kwetu watu wa kaskazini, mkwe mume hali mbele ya mama mkwe, hamshiki mkono, hamtazami usoni, hasemi naye moja kwa moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Lakini la aibu kuliko yote ni kinywa: huwezi kukifungua mbele yake, iwe kwa kula, kwa kupiga miayo au kwa kucheka.

Mila hiyo ina mwisho, na mwisho wake ni mwepesi. Unapeleka kuku, mama mkwe anampika, unakula mbele yake, mnakuwa watu wa nyumba moja. Siku hizi mjini wengi wanamaliza jambo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa, wengine wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa, na kuku alikuwa bado hajaondoka kwangu.

Watu waliniheshimu kwa hilo. Kwenye misiba na harusi wazee wa upande wa mke wangu walinionyesha kwa vijana wao, wakisema huyu ndiye mkwe wa zamani, tazameni anavyoshika kitambaa mbele ya mdomo mama mkwe wake akipita. Nami nilikishika vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa najua kazi ya mama yule. Alikuwa daktari wa vinywa, na siku atakayonitazama usoni swali lake la kwanza lingekuwa kuhusu ule uvimbe, na la pili lingekuwa na sindano. Kuku mmoja tu ndiye aliyesimama kati yangu na sindano, na kuku huyo nilimlinda miaka kumi na minane.

Nilipomweleza mke wangu, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mlango. Kisha akafuta macho, akaniangalia.

"Papa," alisema, "kama ni trompeti, utaenda. Miye nakujua. Bila ile kintu utakuwa muntu mubaya sana mu nyumba."

Nilichelewa miezi miwili. Nilijaribu barafu. Nilijaribu maji ya chumvi. Jirani alinipa majani ambayo yalinifanya nizungumze kama mlevi siku nzima, na darasa langu likajifunza kwamba Zambia iko kaskazini. Nilizunguka mji nikimtafuta daktari mwingine wa sindano za aina ile, asiye na undugu nami, sikumpata. Uvimbe ulitoka damu mara mbili nyingine. Mara ya pili ulitoka nikiwa nakula bukari tu, ugali wetu wa kila siku, bila tarumbeta yoyote, nikaogopa kweli.

Basi mke wangu akaenda kwa mama yake kuniombea. Aliporudi alisema mama hana neno, mgonjwa ni mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa na masharti. Niliagiza nifunikwe uso kwa kile kitambaa cha kijani chenye tundu wanachotumia madaktari wakati wa kushona, ili kwenye tundu uonekane mdomo tu. Yeye asinione na mimi nisimwone. Na tusisemeshane, muuguzi awe katikati. Mke wangu alipeleka masharti hayo akiwa ameziba mdomo, si kwa heshima.

Kwanza nilipelekwa kwenye mashine ya kuangalia damu inavyopita, nikapewa karatasi. Kisha siku ikafika. Nililala kwenye kiti cha meno kabla mama mkwe hajaingia chumbani, nikafumba macho, muuguzi akanifunika. Alikuwa mwanamume mpole mwenye kipara, na nadhani siku ile aliisimulia nyumbani kwake kwa wiki nyingi. Nilisikia viatu vikiingia, maji yakitiririka, glavu zikivutwa. Kisha nikaisikia sauti yake ikisema, karibu kabisa na sikio langu:

"Ambia mugonjwa afungule kinywa."

"Mugonjwa," alisema muuguzi, aliyesimama mbali zaidi yake, "fungula kinywa."

Nilifungua. Nilihisi aibu ikinishuka hadi kwenye soksi. Alibonyeza uvimbe kwa kipande cha kioo. Muuguzi alinieleza kwamba dokta anasema rangi imepotea chini ya kioo, na picha ya mashine inasema damu inatembea polepole, hivyo haiko kansa na sindano inaweza kufanya kazi. Dawa ingeingia ndani ya mishipa ile, izichokoze kuta zake mpaka zishikane, na mwili wenyewe ungeimeza kidogo kidogo. Ingetakiwa mara tatu, labda nne. Nilimwambia muuguzi amwambie dokta asante.

Sindano ya ganzi iliuma. Ile ya pili, ya dawa, ilileta moto mzito mpaka kwenye sikio. Mama mkwe alisema niulizwe kama naumwa, nikajibu hapana, kwa sababu mkwe hamlalamikii mama mkwe. Machozi yalishuka chini ya kitambaa yakaingia masikioni, nikawa nasikia kila kitu kama mtu aliye ndani ya pipa.

Halafu likaja swali.

"Uliza mugonjwa kama iko kazi anafanyaka na mudomo. Kupuliza, bitu kama ile."

Muuguzi akauliza. Sasa fikiria hali yangu. Nimwambie mama mkwe, hata kupitia mtu, kwamba kila Jumapili navimbisha mashavu mbele ya watu? Hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kutosema, na nilifurahi kuwa nayo, kwa sababu ile mbaya ilikuwa kwamba sikukuu ya parokia ilibaki siku kumi na mbili na nilijua atakataza.

Nilisema hapana, mimi ni mwalimu wa jiografia.

Nilisikia kifaa kikiwekwa kwenye sahani ya chuma, taratibu sana. Kisha sauti ikasema mgonjwa aambiwe asipulize kitu poso sita, yaani wiki sita, hata moto wa mbabula, jiko letu la makaa, asiupulize. Muuguzi akarudia yote, na kwa hiari yake akaongeza kwamba makaa yanaweza kuwashwa na mke.

Mdomo ulivimba siku tatu nikafanana na samaki, kisha ukaanza kushuka. Siku ya nane niliona kwa macho yangu uvimbe umekuwa mgumu na mdogo. Nikaanza kufikiri. Mbabula ni mbabula, tarumbeta ni tarumbeta. Dokta hakutaja tarumbeta. Nilifikia uamuzi huo bila kumshirikisha mke wangu, ambaye angetumia akili.

Siku ya sikukuu nilifika na shati jeupe. Wimbo wa kuingia unaanza na noti nne za tarumbeta ya kwanza peke yake, zikipanda, halafu wengine wote wanaingia. Nilipiga ya kwanza, ikatoka safi. Nilipiga ya pili. Ya tatu nilisikia kitu kikipasuka mdomoni, mahali penyewe pa sindano, na sauti iliyotoka ilikuwa na mapovu. Ya nne haikuja. Fanfari nzima ilibaki imesimama ikingojea noti yangu, mashavu yamejaa upepo, nami nilikuwa nimeinama, damu inamwagika ndani ya tarumbeta ya baba na nje yake.

Mke wangu alinitoa kanisani kwa taulo ya sakristia. Tulipofika kliniki, muuguzi wa kipara alikuwa zamu. Aliniangalia, akapiga simu bila kuuliza.

Mama mkwe alikuja haraka kuliko nilivyotarajia, akiwa bado na kitenge chake cha Jumapili na kikapu mkononi, moja kwa moja kutoka jikoni. Najua alikuwa na kitenge kwa sababu nilikiona pindo. Nilikuwa nimegeuza uso ukutani, taulo imelowa, na kwa mdomo uliobaki nilikuwa namwomba muuguzi kile kitambaa cha kijani. Mtu anamwaga damu na anaomba afunikwe uso kwanza! Nikiikumbuka sauti yangu siku ile, natamani ingekuwa ya mtu mwingine.

"Wacha kitambaa," mama mkwe alimwambia muuguzi.

Alinishika taya, akanigeuza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane tukatazamana. Alikuwa na macho ya mke wangu, ila yamechoka zaidi, na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikunja pamba ya hospitali, akaibana mdomoni mwangu kwa vidole viwili, akavuta kigoda kwa mguu, akakaa. Damu ya mishipa ile haizibwi kwa haraka, unabana na kungoja. Alibana dakika ishirini. Sikuweza kusema na sikuweza kugeuka, na nadhani hakuna mkwe aliyewahi kukamatwa vile.

Baada ya muda alianza kuongea, pole pole, akitazama pamba.

"Nilijua unapigaka trompeti. Nani hajue? Siku ile nikauliza, ukasema hapana. Ningefanya nini? Niseme mbele ya muuguzi kwamba mukwe wangu anadanganya? Nikanyamaza juu ya heshima. Na wee ukanyamaza juu ya heshima. Angalia sasa damu yote hii."

Alibadilisha vidole.

"Miye njo dokta. Ningepaswa kusema. Ile kosa ni yangu pia."

Hapo ndipo nilipoumia, kuliko sindano zote mbili. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Mtu uliyemdanganya akichukua nusu ya kosa lako, unabaki umeishika nusu nyingine na huna pa kuiweka.

Damu ilipokata alisema nisiondoke kwanza. Alitoa kwenye kikapu chupa ya uji wa baridi, uji aliokuwa ameupika kwa ajili yake mwenyewe, akaumimina kwenye kikombe cha plastiki, akanipa. Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu aliangalia dirisha. Wote watatu tulijua maana yake: chakula alichopika mama mkwe, kikiliwa mbele yake, kinafunga hesabu ya mila. Nilikuwa nimeiwazia siku hiyo kwa miaka, na mawazoni mwangu kulikuwa na koti, wazee na hotuba. Nilikunywa kwa upande wa kulia, na kwa kuwa kushoto palikuwa pamekufa ganzi kwa kubanwa, theluthi ya uji ilinishukia kwenye kidevu. Mama mkwe alichukua kipande cha pamba akanifuta, kama anavyofutwa mtoto.

Kuku alipelekwa kesho yake, hai. Mke wangu alisema kama ni kuchelewa tumechelewa, lakini hatutakuwa watu wa kula bure.

Sindano ya pili na ya tatu nilichomwa uso wazi. Alipouliza kama naumwa, nilisema ndiyo, tena kwa sauti, na nikagundua kwamba daktari akijua unaumwa anapunguza kasi ya dawa. Jambo dogo kama hilo, na mimi mtu mzima mwenye diploma sikuwa nimelifikiria. Alinikejeli pia. Alisema amewachoma watoto wa miaka mitano ambao walikaa vizuri kuliko mimi, na mmoja alikuwa amembeba mdoli aliyekaa vizuri zaidi.

Miezi ile tarumbeta ilikaa kabatini. Fundi viatu aliyekuwa tarumbeta ya pili alipandishwa nafasi yangu, na watu watatu tofauti, wote kwa nia njema, walinieleza kwamba fanfari siku hizi inakwenda pamoja. Nilicheka nao. Kisha nilikwenda nyumbani nikafungua kabati, nikaifuta tarumbeta ambayo haikuwa na vumbi. Niliogopa. Uvimbe ulikuwa umekwisha, mdomo ulikuwa bapa na alama ndogo nyeupe, lakini sehemu ile ilikuwa na ganzi kiasi, na sikujua kama mdomo mzuri kwa kutazamwa ungekuwa mzuri kwa kupuliza. Sikuthubutu hata kupiga mluzi. Kama ningeipoteza tarumbeta baada ya kuponywa, ningekuwa nimeipoteza kwa ile Jumapili moja, kwa kiburi changu mwenyewe, wala nisingekuwa na daktari wa kumlaumu.

Wiki sita baada ya sindano ya tatu mama mkwe aliniita niende na tarumbeta. Alitaka nipulize mbele yake, kwa nguvu, ili aone kama damu inarudi na kujaa mahali pale. Nikaenda mchana baada ya masomo. Alikuwa amemaliza wagonjwa, tukawa wawili tu chumbani, na mlango wazi.

Niliitoa tarumbeta, nikaishika, nikasimama. Kula uji ni jambo moja. Kuvimbisha mashavu, macho yametoka, mate yanaruka, mbele ya mama mkwe, ni jambo jingine, na miguu yangu ilikuwa bado inakumbuka miaka yote ile. Ili kupoteza muda nilisema kwa utani kwamba kwani kuna haja gani, amekwisha kunisikia kila Jumapili, anajua vizuri jinsi ninavyoharibu.

"Sijakusikia hata siku moja," alisema.

Nilidhani anatania.

"Fanfari inapigaka ku misa ya pili. Miye minaendaka ku ya kwanza."

Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu mulioana." Alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye droo, hakuniangalia. "Zamani nilikuwa ku misa ya pili, benchi ya mbele, juu nilipenda ile muziki. Baba yangu alikuwa anaimba. Kisha ukaoa mutoto yangu. Nikasema, huyu mukwe iko muntu ya heshima sana, akiniona pale mbele hataweza kupuliza. Nikahama."

Misa ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Wakati wa mvua njia za Kenya zinakuwa tope hadi kwenye kifundo cha mguu, na yeye anatembea kwa miguu. Nilianza kuhesabu Jumapili nikaacha. Miaka kumi na minane nilijiona ndiye niliyebeba mila peke yangu, nikipokea sifa kila harusi na kitambaa changu mdomoni, kumbe mtu mwingine alikuwa anaamka kabla ya jua ili mimi nivimbishe mashavu kwa raha. Na nyuma ya kitambaa changu hapakuwa na heshima yoyote. Palikuwa na mwoga wa sindano. Niliona aibu, na haikuwa ile ya mila, ilikuwa aibu ya kawaida ambayo mtu anaipata akimkosea mtu.

Nilitaka kumwambia yote, habari ya sindano na habari ya kuku. Badala yake nikaweka tarumbeta mdomoni.

Nilipiga wimbo wa kuingia. Noti ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ilisimama. Ya tatu niliifuata kwa hofu, nikiusikiliza mdomo kuliko sauti, ikapita. Ya nne, ile ambayo fanfari nzima iliingojea nikainama, ilitoka nyembamba kidogo kuliko zamani, lakini ilitoka, nikaishika hapo juu mpaka pumzi ikaisha. Sikuacha, nikaupiga wimbo hadi mwisho, mashavu yamejaa, mate na kila kitu.

Nilipomaliza nilipitisha ulimi kwenye mdomo, pakawa bapa, hapakujaa kitu. Nilimsogezea uso ili athibitishe. Hakuwa anautazama mdomo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, miwani ameishika mapajani, macho ameyafumba.

"Sijaona vizuri," alisema. "Piga tena, mukwe."